Risasi Isiyolia

Katika Kiswahili neno risasi lina kazi mbili. Mtu wa Nairobi akilisikia anainama, maana kwake risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki. Mvuvi wa Malindi akilisikia anaweza kukuuliza, "Unayo kiasi gani? Nataka kuyeyusha chubwi." Kwake risasi ni metali: laini, nzito, ya kijivu, inayoyeyuka kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, kisha ikamiminwa kwenye kishimo cha mchanga na kugeuka chubwi la kuzamisha mshipi. Neno lenyewe tulilitoa kwa Waarabu, na kwao pia ni jina la metali hiyo. Bunduki zilipofika pwani, kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa kipande cha metali ileile, jina likabaki moja.

Historia ya risasi ya bunduki tunaijua. Wareno walitia nanga Malindi mwaka 1498 na mizinga yao, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na mwaka 1914 Wagiriama wakamiminiwa risasi na askari wa Mwingereza katika vita tunavyovikumbuka kwa jina la Mekatilili wa Menza. Risasi hiyo inalia. Inaacha tundu, na aliyefyatua anajulikana. Ninayotaka kuandika hapa ni historia ya ile ya pili, isiyolia. Inaingia kwenye udongo, kwenye mchicha, kwenye mfupa wa mtoto, na mara nyingi aliyeileta ameshafunga kiwanda na kuondoka kabla mtu hajajua kwamba amepigwa.

Wataalamu huiweka kundi moja na zebaki, kadimiamu na wenzake, wakaziita metali nzito. Kinachoziunganisha ni kwamba hazioi. Ganda la ndizi likianguka shambani, mwezi ujao ni mbolea. Hata dawa nyingi za wadudu huvunjikavunjika baada ya miezi au miaka. Risasi haina kitu kingine cha kugeuka. Ikishatua kwenye ardhi hushikamana na chembe za mfinyanzi na mboji, ikakaa sentimita chache tu kutoka juu, palepale jembe linapopita na mtoto anapochezea. Ndiyo maana mimi huuona udongo kama daftari la mkopo la duka la mtaani: kila anayekuja anaandikwa, na hakuna jina linalofutika lenyewe. Hebu tulifungue daftari la pwani yetu.

Jiwe la wanja

Ukurasa wa kwanza uliandikwa kabla ya binadamu. Nyuma ya fukwe za Kilifi, nchi inapoanza kupanda kuelekea Kaloleni na Ganze, kuna miamba yenye galena, yaani risasi iliyoungana na salfa. Wanajiolojia wa serikali ya kikoloni walioipima nchi hii miaka ya 1950 waliyaweka kwenye ripoti zao majina ya Kinangoni na Vitengeni, na Kinangoni ilichimbwa kweli katika karne iliyopita, ikatoa risasi yenye fedha ndani yake. Galena ndilo jiwe ambalo tangu zamani, kutoka Misri hadi Bara Hindi, husagwa kuwa wanja. Bibi aliyekuwa akitupaka wanja wa manga tungali wachanga, ili jicho la hasidi lisitupate, huenda alikuwa akitupaka ndugu wa jiwe la Kinangoni. Leo mamlaka za afya katika nchi nyingi zinaonya wazazi kuhusu wanja wa aina hiyo, kwa sababu mtoto hujifikicha macho kisha akatia vidole mdomoni.

Lakini jiwe likiwa limelala ndani ya mwamba halimtafuti mtu. Linaanza kutembea likichimbwa, likisagwa, likiyeyushwa, likichomwa. Historia ya sumu hii, kwa hivyo, ni historia ya mikono iliyoliamsha jiwe, na pia ya mikono iliyotakiwa kuzuia ikakaa mfukoni.

Moshi wa barabarani

Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors huko Marekani, aligundua kwamba petroli ikitiwa kiambato chenye risasi, injini inaacha kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa waliokuwa wakikitengeneza kiambato hicho walirukwa na akili, wakafa. Biashara ikaendelea. Petroli hiyo ikazunguka dunia nzima, ikafika hadi Lamu.

Huku kwetu iliuzwa enzi za ukoloni na miongo minne baada ya Uhuru. Kila Pijo la petroli lililopita barabara ya Mombasa na Malindi likiwa limejaza abiria, kuku na magunia, lilikuwa likipumua vumbi la risasi juu ya mihogo iliyopandwa hadi kwenye ukingo wa lami. Mwezi wa Juni 2001, serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuachana nayo, na mwanzoni mwa 2006 Kenya ikawa imeacha. Mwezi wa Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayouza petroli yenye risasi kwa ajili ya magari. Miaka 100 kasoro kidogo, tangu Midgley.

Huo ni ushindi, tena mkubwa; watoto wengi wameokoka bila wao kujua. Ila sheria inakomesha kinachoingia, haitoi kilichokwisha kuingia. Moshi ulipeperuka, Pijo zikaisha barabarani, lakini kilichotua kwenye udongo wa ukingoni hakikupanda gari kikaondoka nazo.

Mto unaokuja na bara

Malindi haikujitegemea kwa udongo wake mwenyewe. Inaletewa mwingine na mto. Huko juu, mito ya Nairobi na Kiambu inaingia Athi. Athi ikikutana na Tsavo inaitwa Galana. Ikikaribia bahari inaitwa Sabaki, ikamwaga maji mekundu kaskazini ya mji wa Malindi. Ukisimama juu ya daraja la Sabaki msimu wa mvua unaiona Ukambani ikipita chini yako.

Mto huo nao umeandikiwa daftari, tena na kiumbe asiyejua kusoma. Wanasayansi walitoboa tumbawe la Malindi lililokuwa limekua kwa miaka 300 hivi, na mwaka 2007 wakachapisha walichokuta. Tumbawe hukua kwa pete za kila mwaka kama mti, na ndani ya kila pete hubaki alama ya maji ya mwaka huo. Matope ya mto yakizidi, metali iitwayo bariamu huzidi katika pete. Karne mbili za mwanzo mstari ulikuwa umetulia. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ukaanza kupanda, na haukurudi tena ulikotoka. Ni wakati uleule reli imefika bara, walowezi wamejigawia ardhi, na wenyeji wamesongamana kwenye maeneo waliyotengewa, wakilima miteremko ambayo isingelimwa kama wangekuwa na hiari. Bahari ya Malindi ilikuwa ikiandika dhuluma iliyofanyika kilomita mamia kadhaa kutoka ufukweni.

Bariamu hapo ni alama tu ya matope; yenyewe sio habari ya kututia hofu. Kinachonishughulisha ni nini kingine kinapanda mashua hiyohiyo ya matope. Kwenye mashamba ya kahawa ya Kiambu, ambako vijito humiminikia Athi, wakulima walipambana na kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni kwa kunyunyizia dawa za shaba mwaka baada ya mwaka. Mrututu, wazee wanaujua. Watafiti waliopima udongo wa kahawa Kenya miaka ya 1980 walikuta shaba imejirundika pale, hasa tabaka la juu. Shaba haimdhuru binadamu kama risasi, lakini ikizidi inaua wadudu wadogo wanaohuisha udongo na kudumaza mizizi. Dawa ile ilikuwa halali, ilisifiwa na maafisa wa kilimo, ikaleta pesa. Imebaki ardhini hata pale kahawa ilipong'olewa wakajenga nyumba.

Kisha kuna Dandora. Jaa la taka la jiji la Nairobi limekaa kando ya mto Nairobi, na mto Nairobi unaingia Athi. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo, maikrogramu 10 kwa kila desilita ya damu. Asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi karibu mara kumi ya ile ya udongo safi.

Mjomba wangu analima kando ya Sabaki: mahindi, mchicha, bamia, tikiti maji bei ikiwa nzuri. Mto ukifurika na kurudi nyuma unamwachia tope laini jeusi. Yeye hulipokea kwa mikono miwili. "Samadi ya bure hii, mwanangu," huniambia, na hakosei. Mabonde ya mito yamelisha watu namna hiyo tangu Misri ya Firauni, na Malindi ya karne ya 19 ilipeleka mtama hadi Arabuni kutoka mashamba haya, kwa jasho la watumwa. Sisemi kwamba mchicha wa mjomba una sumu. Mto ni mrefu, na mengi huzama njiani kabla ya kufika Kilifi. Ninachosema ni kwamba mtu anayepokea mzigo kila mwaka ana haki ya kujua kilichofungwa ndani yake, na aliyeko juu ya mto ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza.

Betri zilikoenda

Mto huleta vya bara. Vya kwetu wenyewe huondoka kwa lori. Betri ya gari ikifa Malindi, fundi anaitupa nyuma ya kibanda hadi mnunuzi wa skrepu apite. Nikimuuliza mmoja wao zinakopelekwa, hajibu kwa maneno mengi: "Mombasa." Ndani ya kila betri ya gari mna kilo kadhaa za risasi, na risasi ina soko.

Mombasa ndiko tulikopata kisa ambacho kila kijana wa pwani angepaswa kukijua kama anavyokijua cha Mekatilili. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa Mikindani, wenye wakazi wapatao 3,000. Ukuta kwa ukuta na nyumba zao kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu na kutoa risasi, chini ya mpango wa maeneo ya viwanda vya kuuza nje. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikaosha mabati, watu wakakinga maji hayo. Maji machafu ya kiwanda yakapita vichochoroni. Vumbi likaingia uwanjani watoto wanapocheza.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za kimazingira, na ripoti ikaonyesha hatari kwa majirani. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua. Hospitali wakatafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, hawakupata. Vipimo vya risasi ndivyo vilivyotoa jibu: mtoto alikuwa na risasi mwilini, na mama anayenyonyesha alikuwa akienda kazini kila siku. Omido akaacha kazi. Angeweza kuishia hapo. Alirudi mtaani akaanza kugonga milango akiwaambia akina mama wengine wakapime watoto wao.

Waliandika barua. Waliandamana. Yeye alikamatwa mwaka 2012 na kushtakiwa, kisha akaachiliwa na mahakama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Goldman, ambayo watu wa mazingira huiheshimu kama wengine wanavyoiheshimu Nobel. Watafiti waliolinganisha watoto wa Owino Uhuru na wa mtaa jirani uitwao Bangladesh walichapisha mwaka 2018 kwamba wastani wa risasi kwenye damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mara mbili ya wenzao. Na hapo kiwanda kilikuwa kimeshafungwa. Moshi ulikuwa umekoma, ila ardhi ilikuwa bado inatoa kile ilichopewa.

Kesi yao ilifunguliwa mwaka 2016. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba haki yao ya mazingira safi, iliyomo katika kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, ilikuwa imevunjwa. Iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaagiza udongo, maji na taka visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 nyingine za kazi hiyo. Lawama iligawanywa kati ya kampuni na taasisi za serikali, NEMA ikabebeshwa fungu kubwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Hebu hesabu nami. Kutoka kiwanda kufungwa hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa akitambaa kwenye vumbi lile wakati mlango wa kiwanda unafungwa, siku ya hukumu yuko darasa la juu la msingi.

Ndani ya mfupa

Na darasani ndiko risasi hufanya kazi yake bila kelele. Mwili unaidhania ni kalsiamu, hivyo unaipokea mlangoni kama mgeni anayetarajiwa. Mtoto hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Inaingia kwenye ubongo unaojengwa na kuuharibia waya zake. Huoni kidonda. Unaona mtoto asiyetulia, anayesahau alichosoma asubuhi, anayeitwa mjinga, anayechapwa kwa kuitwa mjinga. Kwa mtu mzima ni presha, ni figo, ni mimba zinazotoka. Damu ikijisafisha baada ya wiki kadhaa, sehemu kubwa huwa imehamia kwenye mifupa, inakaa humo miongo. Mwanamke akishika mimba, mwili unachota kalsiamu ya mfupa kumjenga mtoto, na risasi ya utotoni inatoka nayo. Mtu anaweza kumrithisha mwanawe vumbi la uwanja aliochezea akiwa na miaka mitatu.

Hata kile tunachokiita kiwango salama kina historia yake. Miaka ya 1960 wakuu wa afya wa Marekani walianza kushtuka mtoto akifika maikrogramu 60 kwa desilita ya damu. Mwaka 1991 wakashuka hadi 10. Mwaka 2021 wakafika 3.5. Shirika la Afya Duniani siku hizi linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Watoto waliopimwa wakaambiwa wako sawa miaka ile, wangepimwa leo wangeambiwa vingine.

Pwani tuna mlango mmoja zaidi ambao vitabu vya wenzetu havitilii maanani: sisi udongo tunaula. Dada yangu alipokuwa na mimba yake ya kwanza, alikuwa akiubandua ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama, kipande kwa kipande, anasema unanukia mvua ya kwanza. Hakuwa wa ajabu. Watafiti waliowahoji wajawazito 275 katika hospitali ya Kilifi, wakachapisha kazi yao mwaka 1998, walikuta asilimia 56 wanakula udongo mara kwa mara. Wao walikuwa wakichunguza upungufu wa damu na madini ya chuma. Lakini ukiyasoma hayo baada ya Owino Uhuru, unasoma kitu kingine. Udongo wa ukuta ulichimbwa wapi? Ule unaouzwa sokoni kwa vipande ulitoka kilima gani? Huko Uingereza mamlaka za chakula zimewahi kuwaonya wajawazito wa jamii za Kiafrika na Kiasia wasile udongo unaouzwa madukani mwao, kwa sababu uliopimwa ulikutwa na risasi. Dada hatukumgombeza. Mama alimpikia dagaa na mchicha wa kutosha, akampeleka kliniki akapewa vidonge vya chuma, na hamu ikapungua. Mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo. Wenye njaa huifyonza kwa pupa. Umaskini, kwa hiyo, nao ni njia ya sumu.

Mto mwingine

Tusidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Japani kuna mto uitwao Jinzu, mkoa wa Toyama. Juu yake kulikuwa na mgodi wa Kamioka uliochimba zinki na risasi, na mgodi ulimwaga kadimiamu mtoni kwa miongo. Chini, wakulima walielekeza maji hayo kwenye mashamba ya mpunga, kama mababu zao walivyofanya. Mpunga ukanyonya kadimiamu. Wakulima, wengi wao wanawake waliokwisha kuzaa mara kadhaa, wakaanza kuharibika figo na mifupa, mifupa ikawa inavunjika hata kwa kukohoa. Majirani wakauita ugonjwa huo itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ilikubali chanzo chake mwaka 1968, na mwaka 1970 Japani ikatunga sheria mahususi ya kuzuia uchafuzi wa udongo wa mashamba.

Kisha ikaja kazi yenyewe: kuuondoa au kuufukia udongo mbovu na kuleta mwingine. Ilianza 1979, ikamalizika 2012. Miaka 33, kwa nchi yenye pesa, mitambo na nia. Nikisoma amri ya miezi minne ya Owino Uhuru, na nikijua haikutekelezwa kwa miezi hiyo, sicheki. Nasema tu kwamba kusafisha udongo ni kazi ya kizazi kizima, na ndiyo maana kuuzuia usichafuke ndiyo bei rahisi pekee tutakayowahi kupewa.

Kabla ya jembe

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tuko mjini, na mjini tumeanza kulima. Gunia la sukumawiki nyuma ya nyumba, ploti ya kukodi kando ya barabara, viti vya mchicha kwenye mtaro. Vijana wengine wananunua nusu ekari Kilifi wakiota papai na stroberi za Instagramu. Ukienda ofisi ya ardhi kufanya sachi utaambiwa nani alikuwa mwenye shamba, nani kabla yake, na kama benki inalidai. Hutaambiwa kama palikuwa na gereji. Hutaambiwa kama hapo ndipo betri zilipopasuliwa, kama rangi ya zamani ilikwanguliwa ikamwagwa, kama jaa lilifukiwa likapandwa michongoma. Hati inamkumbuka mwenye ardhi. Ardhi inakumbuka kilichofanyika.

Kwa hivyo ulizeni wazee wa mtaa kabla ya kulipa. Mkipeleka udongo maabara, jueni kwamba kipimo cha kawaida cha mkulima kinaangalia uchachu na virutubisho. Risasi na kadimiamu ni lazima uziombe kwa jina. Mahali penye shaka, panda miti ya matunda, kwa sababu tunda hupokea kidogo kuliko jani na mzizi, au inua vitalu kwa udongo uliotoka pengine na mboji nyingi. Muhogo na viazi vimenywe, mchicha uoshwe mara tatu, maana kubwa ya sumu ya mboga ni vumbi lililoganda juu yake. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Na jamani, chubwi lisiyeyushwe kwenye sufuria ya wali, wala betri isipasuliwe uani.

Hayo ni ya mtu na nyumba yake, na hayatoshi. Osha mchicha utakavyo, huwezi kuuosha mto Athi. Haki ya kifungu cha 42 haikuwekwa kwa ajili ya Owino Uhuru tu. Kaunti ya Kilifi inavutia viwanda sasa. Kila kibali kitakachotiwa sahihi ni mstari mpya kwenye daftari. Akina mama wa Mikindani walijifunza kusoma mstari huo baada ya damu ya watoto wao kupimwa. Sisi tumebahatika, tunaweza kuusoma kabla wino haujakauka: kwenye kikao cha kusikiliza maoni, tukiwa tumekaa viti vya mbele, tunauliza kwa sauti moshi utaelekea wapi, maji yataishia wapi, na udongo wa nani utabaki nao.

Risasi ya bunduki ukiisikia, imeshakupita. Hii nyingine haitalia kamwe. Itabidi kelele tuzipige sisi.